Chombo Kichafu cha Mwalimu wa Mikono

Kitu cha kwanza alichonipa ni mkono wake wa kulia, na ulikuwa na kamasi. Nilikuwa nimewasili shuleni asubuhi ile na sanduku langu la bati na cheti changu kipya cha ualimu, viatu nimevipangusa mara mbili njiani kwa sababu ya matope ya Kiogoro. Yeye akatoka kwenye karakana nyuma ya madarasa, akabana pua kwa vidole viwili, akapenga, akarusha majanini, akajifuta kwenye suruali, kisha akaninyooshea kiganja.

"Bwakire, mwalimu," akanisalimu. "Karibu kwetu."

Nikaupokea. Ningefanya nini na hedimasta ananitazama? Siku nzima niliubeba mkono ule kando ya mwili kana kwamba si wangu.

Kwetu mtu mwenye mikono michafu hakupi kiganja. Akiwa ametoka kukamua ng'ombe, au kukandika nyumba kwa udongo na kinyesi, hukunja vidole akakupa kifundo cha mkono, nawe unakishika hapo, na heshima inakuwa imetimia. Mtoto wa miaka mitano analijua hilo. Yeye hakulijua, au alilijua akalipuuza. Miaka yote tuliyofundisha pamoja alinipa kiganja kizima na kila kilichokuwamo. Nikajifunza kubeba vitabu kwa mikono miwili kila nilipomwona anakuja.

Wanafunzi walimwita Mwalimu wa Mikono, kwa kuwa alifundisha kazi za mikono: vikapu, vyungu, mipini ya majembe, makopo ya kuchotea maji. Mimi nilifundisha wasichana mapishi, ushonaji na usafi wa nyumba. Chumba changu na karakana yake vilitenganishwa na ukuta wa udongo tu. Kwangu kulinuka sabuni na nguo zilizopigwa pasi. Kwake kulinuka gundi, risasi iliyoyeyushwa, na kitu kingine ambacho kilinichukua karibu muhula mzima kukitambua. Kilikuwa mkojo. Wake mwenyewe. Aliuweka kwenye chungu chenye kifuniko, kwa sababu, alivyonieleza bila haya na mimi nimeshika sahani ya maandazi, hakuna kitu kinacholitia bati kutu nzuri kama mkojo uliokaa wiki mbili.

Kutu nzuri! Nilimsikia kwa masikio yangu. Maandazi yale nikawapa watoto.

Alivuta ugoro, na ugoro ulimtiririka puani ukaacha mstari wa kahawia kwenye kola, na mstari huo ulikaa pale kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Katika chumba cha walimu, chai ikiisha, alizunguka akikusanya majani yaliyobaki chini ya vikombe vyetu, hata yale ambayo mtu ameshayatemea. Aliyatia kwenye kopo pamoja na utomvu wa migomba, akayaacha mpaka yakaota ukungu mweupe juu. Nzi walilijua kopo lile kuliko walivyojua choo. Nilimwambia hedimasta. Hedimasta akacheka, akasema kila mwalimu ana dawa yake.

Mimi ni mtu wa Sabato, nimelelewa upande wa Nyamira na mama aliyekuwa akifagia hata njia ya ng'ombe. Yeye alikuwa Mkatoliki, na jambo hilo lilimfurahisha sana kila aliponiona na ndoo.

"Nyinyi watu wa Sabato," alikuwa akisema, "mtafika mbinguni mkinuka sabuni mpaka malaika wapige chafya."

"Na wewe utaambiwa ungoje nje na mbuzi," nilimjibu.

"Mbuzi ana habari nyingi. Nitangoja tu."

Neno hilo, habari, alilipenda. Mwanafunzi akileta mwiko mpya aliouchonga, mweupe na laini, Mwalimu wa Mikono aliugeuzageuza akasema, "Umechonga vizuri. Lakini kitu safi haina habari. Peleka kwa mama yako apikie ugali mwaka moja, halafu uniletee." Na kuna watoto waliopeleka, wakarudisha baada ya mwaka, na yeye akauchukua mwiko umeungua upande mmoja, akawaonyesha darasa zima mkono wa mama ulivyoshika, moto ulikuwa upande gani, na kama mama yule alikuwa mtu wa haraka. Nilisikiliza nyuma ya ukuta huku nikifundisha mshono wa pindo, na nilikasirika zaidi kwa kuwa wasichana wangu nao walikuwa wakisikiliza.

Nitasema na mambo ambayo hayakukaa vizuri na chuki yangu. Vyombo vyake vya kazi, yaani koleo, mikasi ya bati na vyuma vya kuchomelea, vilikuwa vimepakwa mafuta na kupangwa ukutani, na havikuwa na kutu hata chembe. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wangu. Hakumpiga mtoto hata siku moja, wakati ule ambapo sote tulipiga. Na mama yake alikuwa mgonjwa wa kulala tu. Mwaka mmoja nilikwenda na kina mama wa kanisa kumjulia hali, nikiwa nimejiandaa kuziba pua. Nikakuta shuka nyeupe kuliko zangu. Kikongwe alikuwa amekatwa kucha, nywele zimechanwa, ananuka mafuta ya samli. Mwanawe alikuwa akimwosha yeye mwenyewe kila alfajiri kabla ya kuja shuleni. Nilirudi nyumbani nimenuna. Kumbe alijua kusafisha, na sisi wengine uchafu ule alikuwa akitufanyia kusudi!

Sasa nieleze habari ya chombo.

Mwaka ule redio ilipotangaza kwamba watu wametua mwezini, shule nzima ilijazana kwenye dirisha la hedimasta. Walimu walibishana wiki nzima kama ni kweli. Mwalimu wa Mikono hakubishana. Alisema mwezi ni karibu, hata mbuzi anauona, kisha akaenda karakana akaanza kukata makopo ya mafuta ya kupikia.

Alikuwa na hadithi yake, aliyoitunga mwenyewe. Watu wetu mia mbili walipanda chombo cha angani juu ya kilima cha Kiogoro, wakabeba machipukizi ya migomba na mbegu za wimbi, wakaenda kwenye nyota ambayo jina lake alikataa kulitaja. Walizaliana humo, wakazikana humo, na sasa wajukuu wa wajukuu wao walikuwa wakirudi nyumbani.

"Mbona usikitengeneze kikiondoka?" nilimuuliza. "Kikiwa kipya, kinapendeza."

"Kuondoka kila mtu anaweza, mwalimu. Mimi natengeneza hii chombo ikirudi."

Kilikuwa na urefu wa mkono wa mtu mzima. Kipimo chake kilikuwa punje ya wimbi: punje moja ni mtu mmoja aliyesimama. Aliibandika punje kwenye kidole kwa ugoro na mate, akaisogeza kando ya bati, na kila mlango, kila dirisha, kila ngazi aliyoichora kwa sindano ilimtosha mtu wa punje. Kwa kipimo hicho chombo kizima kilikuwa kirefu kama kutoka shuleni hadi kanisani. Milingoti ya juu ilikuwa nibu za kalamu, mbavu zake zilikuwa waya za mwavuli. Nyuma kulikuwa na mitambo minne ya kusukuma, na nilipoitazama kwa karibu nikaona ni bobini nne za cherehani yangu, ambazo nilikuwa nimewapigia wasichana kelele muhula mzima kwa kuzipoteza.

"Nitakurudishia," alisema. Hakuona haya hata kidogo.

Kukijenga kulichukua mwaka. Kukichafua kulichukua miaka miwili. Alikipaka rangi ya fedha iliyobaki tangi la maji lilipopakwa, nikadhani amemaliza, na kwa kweli kilipendeza. Kesho yake akaanza kukiharibu. Alikifukiza juu ya jiko mpaka tumbo likawa jeusi. Alikipaka ule uchafu wa chai na utomvu, halafu akaufuta kwa kitambaa, kwa sababu, alisema, uchafu wa kweli ni ule unaobaki kwenye mikunjo mtu akishafuta. Alidondosha mkojo kwa unyoya kwenye kila msumari ili kutu ishuke kwa mistari, na mistari yote ilielekea nyuma, upande ambao upepo wa safari ungeisukuma. Doa likiwa kubwa kupita punje ya wimbi alilikwangua akaanza upya. "Doa kubwa inafanya chombo iwe ndogo," alisema. Mwisho akakiweka juu ya kibanda cha kuku mvua zote mbili za mwaka, kuku wakakinyea, na alipokishusha aliyakwangua mavi yale kwa ukucha wake, taratibu, na chini yake rangi ilikuwa imelika ikaacha vitone vyeupe. Akaviita vumbi la nyota. Kisha akachukua andazi kwa mkono uleule.

Pia alikuwa na daftari la shule, ambamo kila doa lilikuwa na namba na habari yake: hapa walipita karibu na jua la watu wengine, hapa mtoto aliiba rangi, hapa walikaa miaka kumi bila mvua. Alitaka nilisome. Nililiona lina alama za vidole vyenye ugoro, nikasema nina madaftari ya kusahihisha.

Basi akaja mkaguzi wa shule, mtu mrefu wa upande wa ziwa, mpole, mwenye tai. Alikuwa ameleta habari mbaya: walimu wasio na cheti wangeondolewa mwisho wa mwaka, isipokuwa wale ambao chuo cha ualimu kingekubali kuwachukua wakasome. Mwalimu wa Mikono hakuwa na cheti. Alikuwa amefundisha kabla mimi sijajua kusoma, na hakuwa na karatasi hata moja. Mkaguzi alikiona chombo, akainama. Alikaa pale mpaka chai yake ikapoa.

"Hii imetoka wapi?" aliuliza.

"Mbali, bwana."

"Naona." Akamgeukia hedimasta. "Kwenye maonyesho ya shule mjini, Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao, wakuu wa chuo watakuwapo. Mwalimu huyu alete hiki kitu. Kilivyo. Wakikiona, nafasi yake ya chuo nitaitetea mwenyewe."

Nilikuwapo. Nilikuwa nikimimina chai. Nilisikia neno "kilivyo" vizuri kabisa.

Wiki iliyotangulia maonyesho, Mwalimu wa Mikono alifiwa na shangazi yake Nyacheki, akaenda mazishini Alhamisi. Chumba changu ndicho pekee kilichokuwa na kufuli, kwa hiyo kabla ya kuondoka alikileta chombo, akakiweka juu ya meza yangu, kando ya vitambaa vya wasichana vilivyotariziwa kwa mwaka mzima. Jumatatu angekuja moja kwa moja mjini.

Ijumaa kwetu ni siku ya maandalio. Kabla jua halijazama, kila kitu lazima kiwe kimeoshwa: nyumba, nguo, watoto, masufuria, ili Sabato ikukute safi. Mchana ule wasichana walisugua sufuria zote za maonyesho, wakaenda zao. Nikabaki nikikunja vitambaa. Cha juu kabisa, cheupe, chenye maua ya buluu, kilikuwa na doa jeusi la masizi pembeni. Nilikitazama chombo. Nikaunusa ule mkojo. Nikafikiri: shule yetu itapeleka hiki mjini, mbele ya wageni, na watu watasema walimu wa kule wanaishi na kuku. Hakuna mtu kwetu anayempelekea mgeni chakula kwenye sahani chafu.

Nilikuwa na majivu yangu, niliyoyachekecha kwa kitambaa mpaka yakawa laini kama unga, kama nilivyowafundisha wasichana. Nikayachanganya na maji ya ndimu. Nikakisugua chombo kwa gunzi la hindi, pembeni kwa mswaki wa mti, na ndani ya bobini kwa unyoya. Maji yalitoka meusi, halafu ya kahawia, halafu manjano. Rangi nayo ikatoka. Nilibadilisha maji mara nne. Nitasema nilikuwa namsaidia, na nusu yake ni kweli. Nusu nyingine nilikuwa namwosha yeye, mikono yake na pua yake, na nilifurahi. Mungu ananiona, nilifurahi sana. Jua lilipozama bati lilikuwa likimeta, na mimi nikaimba njia nzima kwenda nyumbani.

Jumatatu uwanjani mjini, meza yetu ilikuwa na vitambaa, sufuria, vikapu, na katikati chombo, nimekifunika kitambaa cha maua ya buluu. Mwalimu wa Mikono alifika na vumbi la Nyacheki magotini. Akafunua. Hakupiga kelele. Alipitisha kidole kwenye mkunjo mmoja wa bati, akakitazama kidole, akakisugua na dole gumba. Halafu akasimama nyuma ya meza, mikono mgongoni.

Mkaguzi alikuja na watu watatu wa chuo. Njiani nilimsikia akiwaambia watakachokiona hawajakiona popote. Wakafika. Mkaguzi akakitazama chombo, akamtazama mwalimu, akakitazama tena.

"Ile nyingine iko wapi?" aliuliza.

"Ni hii, bwana."

"Nini kimetokea?"

Nikaishika meza. Mwalimu wa Mikono alipenga, akajifuta kwenye suruali.

"Mvua," akasema.

Mmoja wa watu wa chuo akakigonga chombo kwa kalamu, kikalia kama kopo. "Kazi safi," akasema. "Watoto watapenda kuchezea." Wakaenda meza iliyofuata. Mkaguzi alibaki nyuma kidogo, uso umemwiva kwa aibu, kisha akawafuata. Vitambaa vyangu vilipata nafasi ya kwanza. Nikapokea kikombe mbele ya watu wote na kupigiwa makofi, na sikufungua kinywa. Si siku ile, si wiki ile, si mwezi wa kumi na mbili alipokusanya koleo na mikasi yake, akavifunga kwenye gunia, akatuaga kwa mkono mwalimu mmoja mmoja. Alipofika kwangu nilikuwa nimebeba vitabu kwa mikono miwili.

Watu hudhani kinyaa ni kitu cha pua na macho. Baada ya yeye kuondoka, karakana ilifagiliwa ikawa stoo ya madawati, harufu ikaisha kabisa, na mimi kila Ijumaa nilipochekecha majivu nilitaka kutapika.

Nilimwona tena miaka mitano au sita baadaye, sokoni Nyakoe. Nilikwenda kununua ndizi za kupika. Kwenye safu ya mafundi wa bati alikuwa ameketi juu ya boksi, chuma cha kuchomelea kikiwa kwenye makaa, ugoro kwenye kola kama zamani. Mbele yake alikuwa amepanga koroboi, zile taa ndogo za bati za mafuta, safu tatu, zinameta mpaka zinaumiza macho.

"Bwakire, mwalimu," nikamwambia.

"Bwakire buya. Umenenepa, mwalimu. Hiyo ni vizuri."

Nikaokota koroboi moja. "Zinang'aa."

"Watu wanataka ing'ae. Isipong'aa hawanunui." Akapenga. "Nasugua na majivu. Lakini ya kuchekecha na kitambaa. Hiyo nilijifunza kwako."

"Ulijua?"

"Majivu ilibaki kwa mikunjo, mwalimu. Laini kama unga. Nani mwingine kwa shule ile alikuwa anachekecha majivu?"

"Na kwa nini ukasema mvua?"

Alikigeuza chuma kwenye makaa. "Ningesema wewe, ingerudisha nini? Kazi ya miaka mbili haitengenezwi na kelele."

"Chombo kiko wapi?"

Akaielekeza midomo yake kwenye koroboi niliyoishika. "Bati safi haiwezi kukaa bure. Nilipata nne hapo. Hiyo ni ya mwisho, zingine zilienda." Akainuka kidogo, akafungua boksi alilokuwa amelikalia, akatoa kitu kilichofungwa kwenye karatasi. "Bobini zako. Nilikuambia nitakurudishia."

Ndani ya boksi, pale bobini zilipokuwa, kulikuwa na daftari lile. Safari hii sikungoja aniombe. Nililisoma nimesimama, watu wakinipita na vikapu, ugoro wake kwenye vidole vyangu. Madoa yote yalikuwamo, moja hadi mia moja na kitu, kila moja na habari yake, kwa ule mwandiko mzuri. Jua la watu wengine. Mtoto aliyeiba rangi. Miaka kumi bila mvua. Kwenye ukurasa wa mwisho aliandika mistari miwili tu:

"Walifika nyumbani. Wenyeji ni watu safi sana. Waliwaosha wote kabla ya kuwauliza wametoka wapi."

Nilisoma mara mbili. Nikasema, mbele ya mafundi wote wa Nyakoe, kwa sauti, "Nisamehe, mwalimu. Ni mimi. Nilisikia alichosema mkaguzi, na nikaosha. Halafu nikanyamaza."

"Ilishapita," akasema. Hakuwa na hasira. Heri angekuwa nayo.

Nikairudisha koroboi mahali pake, nikaweka kikapu cha ndizi chini. Nikaweka bobini na daftari juu ya ndizi, mikono yangu yote miwili ikabaki mitupu, na nikamnyooshea kiganja cha mkono wa kulia. Alikitazama. Akautazama mkono wake, wenye risasi na ugoro na masizi ya makaa, akaugeuza juu na chini. Kisha akakunja vidole vyake vizuri, akanipa kifundo.